Watoto Wetu Katika Shule ya Wakatoliki

(Mazungumzo ya redioni. Masomo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na Marko 9:38-40)

 

Masomo yetu ni mawili. La kwanza, katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 6, Musa anawaagiza watu wa Israeli wampende Mungu kwa moyo wao wote, kisha wayafundishe maneno hayo kwa watoto wao: wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. La pili, katika Injili ya Marko, mlango wa 9, Yohana anamletea Yesu habari. Wamemwona mtu akitoa pepo kwa jina la Yesu, nao wakamkataza, kwa sababu hafuatani nao. Yohana alidhani atasifiwa. Lakini Yesu aliwaambia wamwache mtu yule, kwa kuwa asiyekuwa kinyume chao yuko upande wao.

Leo twataka kuyachukua masomo haya mawili na kwenda nayo mahali ambapo labda hamkutazamia. Twaenda katika shule ya msingi ya Kikatoliki.

Labda mmoja wenu anauliza, "Shule ya Wakatoliki yatuhusu nini sisi Waprotestanti?" Ndugu, yatuhusu sana. Hapa Bukhayo, toka Nambale hadi Matayos, Mundika na Busia mjini, na kupanda mpaka Malaba kwa ndugu zetu Wateso, mzazi mara nyingi humpeleka mtoto wake katika shule anayoweza kuifikia kwa miguu. Geti limeandikwa jina la mtakatifu, na mfadhili wa shule ni parokia. Lakini fungua rejista ya darasa uone. Yumo mtoto wa Anglikana, yumo wa Pentekoste, wa Jeshi la Wokovu, wa Marafiki na wa Kanisa la Mungu. Na kwa kuwa Busia ni mji wa mpakani, mara nyingine yumo pia mtoto wa Kiislamu. Wote wanakalia dawati moja na kunywa maji ya tangi moja.

Sasa tuwaze kwamba mfadhili wa shule ya namna hiyo ameamua kuandika mtaala wa malezi ya imani, tangu Gredi ya 1 hadi ya 6. Wazazi wote wameitwa. Baba paroko yupo, mwalimu mkuu yupo, wazee wa kamati wapo. Nyuma kabisa ameketi mama mmoja wa Kiprotestanti. Hasemi neno, lakini moyoni anauliza, "Mtoto wangu atalazimishwa kusali Rozari? Atapelekwa Misa bila mimi kujua? Ninyamaze, au nimtoe?" Karibu naye ameketi baba mmoja, naye ametulia. Huyu asema, "Mimi haja yangu ni kusoma na hesabu tu. Hayo ya dini wafanye watakavyo."

Yupi kati ya hawa wawili anafikiri vema? Hebu tuchunguze, maana katika kila kusanyiko letu watu wa namna zote mbili wapo.

Hofu ya mama yule haikutoka hewani. Ina historia, na historia hiyo ilivuka mpaka huu huu wetu. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, vijana wa nyumba ya Kabaka Mwanga walichomwa moto kwa ajili ya jina la Yesu. Walikuwamo Wakatoliki, walikuwamo Waanglikana. Kwa jumla, katika miaka ya 1885 hadi 1887, mashahidi wa Uganda wanaokumbukwa kwa hesabu ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Mfalme hakuwauliza wametoka misheni gani. Aliuliza kama wanasali.

Lakini sikieni jambo la huzuni. Haikutimia miaka sita, mwezi wa Januari 1892, wafuasi wa makanisa yale yale mawili walipigana kwa bunduki pale Mengo. Vijana walikufa pamoja, na watu wazima wakauana. Baada ya hapo, mwaka 1894, Roma ilitenga eneo jipya la kimisionari lililoitwa Upper Nile, ikalikabidhi kwa Wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza. Wakati huo upande wetu huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, mpaka serikali ya Waingereza ilipousogeza mpaka mwaka 1902. Mapadre wa Mill Hill walifungua misheni Mumias mwaka 1904. Waanglikana wa CMS walifungua shule ya Maseno mwaka 1906.

Basi mnaona. Wamisionari wa kwanza waliotujengea shule walitoka katika ugomvi ambao makaa yake yalikuwa bado ya moto. Twawashukuru sana kwa kalamu na kitabu. Lakini siku hizo shule ilikuwa mlango wa kanisa. Mtoto aliyetaka kusoma mara nyingi alibatizwa na wenye shule, na mji mmoja ukagawanyika kwa kufuata kengele mbili. Wazee wetu walikumbuka, nao wakatukumbusha. Ndiyo maana mama yule ameketi nyuma.

Lakini, ndugu wasikilizaji, mambo hayakubaki pale. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilishauri kwamba somo la dini lifundishwe kama somo la elimu, wala shule isiwe chombo cha kuvutia waumini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliyaweka makanisa katika nafasi ya wafadhili, wala si wenye kuziendesha shule tena kama zamani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, yasema wazi kazi ya mfadhili: atashauri juu ya mtaala na vitabu, atasimamia malezi ya kiroho, lakini huku akilinda imani ya wale walio wa dhehebu lingine. Angalieni jambo hili. Sheria haimwambii Mkatoliki aiache imani yake getini. Wala haimruhusu kumnyang'anya mtoto wetu ya kwake.

Na Wakatoliki wenyewe wamelisema jambo hili. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwezi wa Oktoba 1965, maaskofu wao walitoa tamko juu ya elimu, wakafundisha kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule walitoa tamko lingine, kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Kwa hiyo mama yule akisimama na kuuliza swali lake kwa adabu, hamwombi paroko fadhili yoyote. Anamwomba alishike fundisho la kanisa lake mwenyewe. Tena paroko mwema atafurahi kuulizwa.

Basi mtaala wa namna hiyo uwe na nini ndani yake? Twaona mambo matatu, na kila moja lapasa kuwekwa mahali pake.

Jambo la kwanza ni yale yaliyo yetu sote. Mtaala wa serikali ulioanza kufuatwa nchini kote mwaka 2019 tayari unalo somo la dini ya Kikristo. Humo mtoto hujifunza habari za uumbaji, za Biblia, za maisha ya Yesu, za Kanisa, na za maadili ya Kikristo. Hapa hatuna ugomvi. Katika miaka ya 1970 Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi yetu waliketi meza moja wakapatana juu ya mafundisho ya dini ya kutumiwa shuleni. Hawakupatana kwa kuwa hawakuwa na tofauti. Walipatana kwa sababu walimtazama mtoto kwanza. Mtoto wa Mkatoliki na mtoto wa Mprotestanti wote wawili wamhitaji Msamaria mwema. Wote wawili wahitaji kujua kwamba Mungu aliwaumba na kwamba Kristo alikufa na kufufuka kwa ajili yao.

Jambo la pili ni yale yaliyo ya Wakatoliki wenyewe. Hapa na tuseme kweli bila kuzunguka. Wanayo Misa, wanayo Rozari, wanayo maandalizi ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Hatuwaombi wayafiche. Shule ya Kikatoliki isiyo na Ukatoliki ndani yake ni kibao tu cha getini. Mtoto wetu akiwaona wenzake wakisali kwa namna yao, hatapungukiwa kitu. Ajifunze kunyamaza kwa heshima mahali watu wanaposali. Tunachoomba ni kwamba mtaala ueleze wazi: ibada ipi ni ya wote, na ipi ni ya Wakatoliki tu, na mtoto asiyeshiriki asichekwe, asipewe kazi ya kufyeka nyasi kana kwamba ana hatia, wala asipunguziwe alama. Haya yaandikwe. Likiandikwa, mwalimu mgeni ajaye mwaka kesho atalikuta. Likibaki kuwa maneno ya mkutanoni, laondoka pamoja na mwalimu mkuu anapohamishwa.

Jambo la tatu ni yale yafundishwayo bila kitabu. Na hapa twataka kumjibu baba yule aliyesema kwamba haja yake ni hesabu tu.

Baba, twende sokoni. Mahindi yetu twayauza kwa gorogoro. Wewe wajua, na muuzaji ajua, kwamba gorogoro laweza kugongwa chini likabonyea, likaonekana limejaa na kumbe limepunguka. Aliyeligonga anajua hesabu sana! Anajua ni punje ngapi atakazopata kwa magunia kumi. Hesabu alifundishwa, lakini hakufundishwa kumcha Mungu. Kitabu cha Mithali, mlango wa 11, chaanza kwa kusema jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya hila. Nabii Amosi, mlango wa 8, awakemea wanaokidogosha kipimo ili wawanunue maskini. Basi mtaala wa imani usiishie katika kipindi cha dini. Mwalimu wa hesabu alete gorogoro mbili darasani, moja nzima na moja iliyogongwa, watoto wapime, waandike tofauti, kisha awaulize, "Nani amebeba hasara hii?" Hapo watoto watakuwa wamejifunza hesabu na Amosi kwa kipindi kimoja.

Nasi watu wa mpakani tunayo masomo mengine ambayo shule za mbali hazina. Mtoto wetu aona trela zimepanga foleni kuingia Uganda. Aona fedha zikibadilishwa mkononi, shilingi kwa shilingi. Ajua njia za panya kabla hajaijua ramani ya Kenya. Mtu mzima aweza kumwita na kumwambia, "Nibebee mzigo huu tu, uvuke nao, nitakupa kitu." Siku ile atakosa shule, na mwaka utakaofuata huenda asirudi kabisa. Je, mtaala wa imani wanena neno gani juu ya mzigo huo? Tena, yuko mtoto avukaye kila asubuhi toka upande wa pili, mwenzake amwita mgeni. Mtaala wanena nini juu ya mgeni? Mambo haya hayana Ukatoliki wala Uprotestanti. Ndipo imani ya shule itakapopimwa, na mtoto ni mpimaji mkali kuliko mkaguzi wa elimu. Mwalimu akiomba sala nzuri asubuhi, kisha saa nne akamdhihaki mtoto kwa ajili ya sare iliyochanika, mtoto ataikumbuka ile ya saa nne.

Wapenzi, hadi hapa tumesema yale ya kuwaomba Wakatoliki. Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, maana Bwana hapendi mtu auonaye mlango wa jirani tu.

Ratiba ya shule inacho kipindi kimoja kila juma cha mafundisho ya kichungaji. Katika kipindi hicho kila kanisa huweza kuwafundisha watoto wake. Kwa watoto wadogo ni dakika 30, kwa wakubwa dakika 35. Siku hiyo katekista atakuja, awachukue watoto wa Kikatoliki. Je, watoto wetu watachukuliwa na nani? Mchungaji, twakuuliza kwa upendo: shule iliyo karibu na kanisa lako yakujua? Wazee wa kanisa, mmemteua nani? Akina mama wa chama, ni nani kati yenu anayejua kuwasimulia watoto habari za Danieli? Mwalimu wa shule ya Jumapili, waweza kupata nusu saa siku ya juma? Watoto wa Kiprotestanti wakiachwa chini ya mti bila mtu, wakirusha mawe kwenye maembe mabichi, tusiseme Wakatoliki wamewaiba. Kiti kilichowekwa kwa ajili yetu kilikuwa pale. Tena hakihitaji fedha. Chahitaji mtu mmoja, Biblia moja, na baiskeli.

Na kuna jambo lingine. Makanisa yetu nayo ni wafadhili wa shule. Katika shule zetu wamo watoto wa Kikatoliki. Bwana wetu alitufundisha, Mathayo mlango wa 7, tuwatendee wengine yale tunayotaka kutendewa. Basi kila neno tulilomwomba paroko, na tulitimize kwanza kwetu. Je, katekista akija hodi katika shule yetu, atapewa chumba? Mtoto wa Kikatoliki akifanya ishara ya msalaba kabla ya kula, mwalimu wetu atamwacha ale kwa amani? Kama haki hii ni haki, ni ya wote.

Hebu tuangalie mfano ulio mbele ya macho yetu kila siku. Zamani msafiri wa Busia alisimama mara mbili, upande huu na upande ule, akapanga foleni mbili. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani. Sasa anayetoka Kenya asimama mara moja tu, upande wa Uganda. Chini ya paa moja amkuta afisa wa Kenya wa kumtoa na afisa wa Uganda wa kumpokea. Je, Kenya imekuwa Uganda? Hapana. Kila afisa ana sheria yake na muhuri wake. Kilichobadilika ni kwamba hawamtesi msafiri kwa ajili ya mipaka yao. Nasi Wakatoliki na Waprotestanti mipaka tunayo, wala si midogo, na si lazima tuifiche. Lakini mtoto asiteswe kwa ajili yake. Tukae chini ya paa moja, kila mtu na muhuri wake, mtoto apite kwa amani kwenda kwa Mungu.

Na mwisho, turudi kwa Musa. Hakusema, "Peleka mtoto shuleni akafundishwe." Alisema nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Juma moja lina saa 168. Kipindi kile cha kichungaji ni nusu saa. Hata Wakatoliki wakiandika mtaala mzuri kuliko yote nchini, na hata mchungaji wetu asikose hata juma moja, saa nyingi zabaki kwako, mzazi. Mama anayesali na watoto wake kabla ya kuzima taa hana sababu ya kuogopa jina lililo getini. Mtoto wake ataingia katika shule yoyote, naye atajua yeye ni nani. Lakini mtoto ambaye nyumbani hakusikia jina la Yesu ila katika kiapo cha hasira, hata shule yetu wenyewe itampa msaada mdogo tu.

Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji hupita hapa kwetu, kwa Busia na kwa Malaba, wengine kwa miguu, kwenda Namugongo. Wapitapo, tuwaonyeshe watoto wetu. Tuwaambie kwamba kule walikufa vijana wa makanisa mawili kwa ajili ya Bwana mmoja. Kisha, shule ikiita mkutano wa mtaala, tuhudhurie. Tuketi mbele. Tuulize kwa adabu, tusikilize kwa subira, na kabla ya kuondoka tuseme ni nani kutoka kanisa letu atakayekuja katika kipindi kile cha juma.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, watoto hawa ni wako kabla hawajawa wetu. Wabariki walimu wao, wa kila kanisa. Uwape wafadhili wa shule hekima ya kulea bila kulazimisha. Uwape wachungaji wetu miguu ya kufika, na wazazi midomo ya kufundisha nyumbani. Uwalinde watoto wa mpakani na kila mzigo usio wao. Utuonyeshe jinsi ya kushika tulichopewa bila kumdharau jirani. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, wasikilizaji wapenzi, hadi tutakapokutana tena.